Jicho Lisilouma: Dawa ya Mishipa ya Fahamu na Haki ya Mgonjwa Maskini

Hotuba iliyotolewa katika semina ya viongozi wa walei na Kamati za Haki na Amani za parokia

UTANGULIZI



Mliponialika kuzungumza juu ya haki katika huduma za afya, nadhani mlitazamia nizungumzie uhaba wa dawa katika zahanati zetu, au foleni ndefu za hospitali. Hayo tunayafahamu, nanyi mnaweza kuyaeleza vizuri kuliko mimi. Leo naomba tutazame jambo moja dogo ambalo wengi wetu hatujapata kulisikia. Ni tone la dawa ya macho. Ndani ya tone hilo mna elimu ya miaka sabini, mna mateso ya vita, mna akili ya mwanadamu iliyobarikiwa. Na mna pia swali zito la haki.

Nimekuwa muuguzi wa macho kwa miaka mingi. Siku moja kijana mmoja alimleta mama yake, mkulima wa umri wa miaka hamsini hivi. Miezi mitatu kabla ya siku hiyo mama huyo alikuwa ameugua mkanda wa jeshi upande wa kulia wa uso. Vipele vilikauka, naye akarudi shambani. Baadaye jicho lake la kulia lilianza kuwa jeupe, kidogo kidogo, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Nilichukua pamba safi, nikaisokota ncha yake ikawa nyembamba kama uzi, nikaigusisha kwenye kioo cha jicho lake. Mtu mwenye jicho zima angeruka. Yeye hakupepesa hata kope.

Nikamwuliza, "Mama, husikii kitu?"

Akanijibu, "Sisikii, mwanangu. Ndiyo sababu sikuja mapema. Jicho lenyewe haliniumi."

Maneno hayo sijayasahau. Mama huyo alikawia kuja kwa sababu hakuumwa. Na hakuumwa kwa sababu kile ambacho kingemwonya kilikuwa kimekwisha kufa. Tulimshona kope kwa sehemu ili kulifunika jicho. Jicho halikupasuka, lakini kuona hakukurudi.

1. MLINZI WA JICHO

Mbele ya mboni ya jicho pana utando unaong'aa ambao wataalamu huuita konea. Unene wake katikati ni kama nusu milimita tu. Ili mwanga upite bila kizuizi, konea haina hata mshipa mmoja wa damu. Chakula chake hutoka katika machozi yanayoiosha kwa nje, na katika maji safi yaliyomo ndani ya jicho.

Lakini ingawa haina mishipa ya damu, konea imejaa mishipa ya fahamu. Hakuna mahali katika ngozi ya mwili palipo na mishipa hiyo kwa wingi namna hiyo. Wataalamu husema konea huishinda ngozi mara mia kadhaa. Ndiyo maana punje moja ya vumbi jichoni humsimamisha mtu mzima njiani. Mishipa hiyo ni matawi ya mshipa wa tano wa kichwa, ule unaoupa uso mzima hisia zake.

Mishipa hiyo ina kazi mbili. Kazi ya kwanza tunaijua sote: hutoa habari ya hatari, jicho likafumba na machozi yakatoka. Kazi ya pili haionekani. Mishipa hiyo hutoa vitu vinavyozifanya chembe hai za juu ya konea ziendelee kuishi, kuongezeka na kuziba majeraha. Ni kama mlinzi wa lango ambaye wakati huohuo ndiye mgawaji wa posho. Akiondoka, nyumba inakosa ulinzi, na waliomo ndani wanakosa chakula.

Mishipa hiyo ikifa, mgonjwa hupepesa mara chache na machozi hupungua. Mwanzoni ngozi ya juu ya konea hukauka na kukwaruzika. Hatua ya pili hutokea kidonda kisichotaka kufunga. Hatua ya tatu kidonda huchimba kwenda chini, konea ikayeyuka, na mwisho inaweza kutoboka. Yote hayo yanaweza kutokea pasipo maumivu makubwa, na hapo ndipo penye hatari.

Ni nani hupatwa na ugonjwa huu? Ni mtu aliyeugua mkanda wa jeshi usoni, au aliyeshambuliwa jichoni na virusi vya herpesi. Ni mgonjwa wa kisukari cha muda mrefu. Ni mgonjwa wa ukoma, ambao huharibu mishipa ya hisia na pia ile ya kufumba kope. Ni mtu aliyemwagikiwa kemikali jichoni, au aliyefanyiwa upasuaji wa kichwa ukagusa mshipa wa tano. Kwa jumla ugonjwa huu ni wa nadra. Huko Ulaya huhesabiwa kuwa chini ya watu 5 katika kila watu 10,000. Lakini kwetu sisi mkanda wa jeshi si jina geni. Tangu janga la UKIMWI liingie, tumeuona hata kwa vijana, kwa maana virusi vyake huamka kinga ya mwili inapodhoofika.

2. MAYAI, SINDANO ZA KUSHONEA NA NURU

Sasa twende mbali kidogo, hadi mji wa Torino nchini Italia, ambako alizaliwa mwaka 1909 mwanamke aitwaye Rita Levi-Montalcini, wa familia ya Kiyahudi. Baba yake hakuona haja ya binti kwenda chuo kikuu, lakini Rita alisisitiza, akahitimu udaktari mwaka 1936. Miaka miwili baadaye serikali ya Mussolini ilitunga sheria za ubaguzi zilizowafukuza Wayahudi kutoka vyuo na kazi za umma. Mlango wa maabara ukafungwa mbele yake.

Basi akaifanya chumba chake cha kulala kuwa maabara. Alinoa sindano za kushonea ili ziwe visu vidogo vya kupasulia. Alitafuta mayai yenye mbegu kwa wakulima, akavichunguza viinitete vya vifaranga kwa hadubini, ili aone jinsi mishipa ya fahamu inavyoota na jinsi inavyokufa. Vita vikazidi, familia ikakimbilia mashambani, kisha ikajificha mjini Florence. Jeshi la Wajerumani lilipoondolewa Florence mwaka 1944, alifanya kazi ya udaktari kati ya wakimbizi, akiona watu wakifa kwa homa ya matumbo.

Mwaka 1947 alikwenda St. Louis, Marekani, kwa mwaliko wa mtaalamu Viktor Hamburger. Huko ilionekana kwamba uvimbe fulani wa panya, ukipandikizwa katika kiinitete cha kifaranga, huifanya mishipa ya fahamu iote kwa wingi usio wa kawaida. Mwaka 1952 alisafiri kwa ndege hadi Rio de Janeiro, Brazil, akiwa amewachukua panya wawili wenye uvimbe huo, kwa kuwa huko alikuwapo rafiki mwenye ujuzi wa kukuza chembe hai katika vyombo vya kioo. Alipoweka kipande cha uvimbe karibu na chembe za fahamu, nyuzi ziliota pande zote, zikazizunguka kama duara la nuru linalochorwa kuzunguka vichwa vya watakatifu. Ndipo alipotambua kwamba uvimbe ule ulikuwa ukitoa kitu kinachoilisha mishipa.

Kitu chenyewe ni nini? Kazi ya kukitafuta aliifanya pamoja na mkemia Stanley Cohen, aliyejiunga naye mwaka 1953. Walikigundua kwa wingi katika sumu ya nyoka, na baadaye katika tezi za mate za panya dume. Ni protini, nayo ikaitwa protini ya kukuza mishipa ya fahamu. Tena Cohen aliona kwamba vitoto vya panya vilivyodungwa maji ya tezi hizo vilifungua macho mapema kuliko vingine. Kwa njia hiyo aligundua protini ya pili, ile inayokuza chembe za ngozi. Mwaka 1986 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Naomba mzingatie jambo moja zaidi juu ya mama huyu. Mwaka 1992 yeye na pacha wake Paola walianzisha mfuko wa kusaidia elimu ya vijana, na mfuko huo ukajielekeza hasa katika kuwasomesha wasichana na wanawake wa Afrika. Yeye aliyefungiwa mlango wa chuo alitaka kuwafungulia wengine. Alifariki tarehe 30 Desemba 2012, akiwa na umri wa miaka 103.

3. KUTOKA MAABARA HADI JICHO LA MGONJWA

Kwa miaka mingi protini hiyo ilikuwa elimu tupu. Kisha wataalamu wa Italia wakajiuliza: ikiwa konea hufa kwa kukosa kile kinachotolewa na mishipa ya fahamu, kwa nini tusiidondoshee protini hiyo? Mwaka 1998 walitangaza matokeo ya kuwatibu wagonjwa 12, wenye macho 14 yaliyokuwa na vidonda vya namna hiyo, kwa protini iliyotolewa kwa panya. Vidonda vyote vilifunga, vingine kwa siku 10, vingine kwa wiki 6.

Hata hivyo, tezi za panya haziwezi kuwatosha wagonjwa wa dunia. Ikabidi itafutwe njia ya kuitengeneza protini ya kibinadamu. Kiwanda cha Dompé cha Italia kiliweka maagizo ya protini hiyo ndani ya bakteria, nao wakaitengeneza kama vile chachu inavyofanya kazi yake katika unga. Dawa hiyo huitwa cenegermin, na jina lake la biashara ni Oxervate. Ilikubaliwa Ulaya mwaka 2017, na Marekani mwezi Agosti 2018.

Katika majaribio mawili yaliyowahusisha wagonjwa 151, konea ilipona kabisa ndani ya wiki 8 kwa wagonjwa 70 katika kila 100 waliopewa dawa hiyo. Kati ya wale waliopewa matone yasiyo na protini hiyo, waliopona walikuwa 28 katika kila 100. Tofauti hiyo ni kubwa. Lakini tuseme kweli yote: si muujiza. Watatu katika kila kumi hawakupona kabisa. Tena kidonda kilichofunga huweza kuacha kovu, na kovu huzuia kuona. Wagonjwa wengine huumwa jicho wakati wa matibabu.

Dawa hii hutiwa jichoni mara 6 kwa siku, kila baada ya saa 2, kwa wiki 8. Hutunzwa katika jokofu, na kichupa kikishafunguliwa hakitumiki zaidi ya saa 12. Fikirini basi kijiji kisicho na umeme, au mama anayeamka alfajiri kwenda shambani. Hata kama dawa ingetolewa bure, bado ingedai jokofu, saa, na mtu wa kumsaidia mgonjwa.

4. BEI YA TONE MOJA

Lakini haitolewi bure. Nchini Marekani matibabu ya wiki 8 kwa jicho moja yametajwa kuwa zaidi ya dola 80,000. Tufanye hesabu pamoja. Mara 6 kwa siku, kwa siku 56, ni matone 336. Kila tone, basi, ni zaidi ya dola 200. Tena kila mililita ya dawa ina mikrogramu 20 za protini, na mgonjwa hutumia kichupa kimoja cha mililita moja kwa siku. Protini yote ya siku 56 ni kama miligramu moja. Haifikii hata uzito wa punje moja ya mchele.

Msidhani kilio hiki ni cha nchi maskini peke yake. Mwezi Julai 2018 taasisi inayoishauri Huduma ya Taifa ya Afya ya Uingereza ilikataa kuipendekeza dawa hii, kwa kuona kwamba faida yake hailingani na gharama. Ikiwa nchi tajiri inasita, mkulima wetu atasimama wapi? Mimi binafsi, katika kazi yangu yote, sijapata kuiona dawa hii mkononi mwa mgonjwa hata mmoja.

5. HAKI INADAI NINI?

Hapa hatuna budi kuwa waangalifu, kwa maana mtetezi wa haki asiyepima maneno yake huiharibu kesi yake mwenyewe.

Kwanza, tusimtendee mtengenezaji isivyo haki. Kutengeneza protini si kama kutengeneza vidonge vya kawaida. Hutaka mitambo safi, wataalamu, baridi isiyokatika, na miaka mingi ya majaribio. Wagonjwa wenyewe ni wachache, hivyo gharama hugawanywa kwa watu wachache. Ndiyo maana Marekani ilitunga sheria mwaka 1983 inayompa mtengenezaji wa dawa ya ugonjwa wa nadra miaka 7 ya kuiuza peke yake. Ulaya humpa miaka 10. Pasipo kivutio hicho, pengine dawa hii isingekuwapo. Mfanyakazi anastahili ujira wake, na anayeweka mali yake katika hatari anastahili faida ya haki.

Pili, tusiseme kwamba kizuizi chote ni hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine wasiige. Nchi zilizo nyuma kabisa kimaendeleo, Tanzania ikiwamo, zimeruhusiwa na Shirika la Biashara Duniani kutozitambua hataza za dawa hadi tarehe 1 Januari 2033. Kisheria mlango haujafungwa. Lakini ruhusa ya kupika haimshibishi asiye na jiko. Kukosa viwanda vya dawa za namna hii, kukosa wataalamu na kukosa soko ni vizuizi vikubwa kama bei yenyewe.

Tatu, baada ya kusema hayo, tusinyamaze. Elimu iliyozaa dawa hii haikutoka katika mfuko wa mtu mmoja. Imetoka katika vyuo, katika fedha za umma, katika mayai ya wakulima wa Italia, katika kazi ya watu wa mataifa mengi ambao wengi wao hawakuwahi kupata faida hata ya senti moja. Kanisa limefundisha daima kwamba mali ya dunia imekusudiwa watu wote. Baba Mtakatifu Paulo VI alilikazia jambo hilo katika waraka wake wa Populorum Progressio wa mwaka 1967, na Yohane Paulo II akaongeza kwamba hata mali halali ya mtu ina deni kwa jamii. Ikiwa shamba lina deni hilo, je, elimu iliyovunwa kwa jasho la wengi haina?

Wengine watasema: hivyo ndivyo dunia ilivyo, bei haiwezi kushuka. Historia inawakanusha. Mwaka 1987 kampuni ya Merck iliahidi kutoa bure dawa ya usubi kwa muda wote itakapohitajika. Tangu mwaka 1995 dawa za ukoma hutolewa bure duniani kote kwa njia ya Shirika la Afya Duniani. Mwaka 1998 kampuni ya Pfizer ilianza kutoa bure dawa ya vikope. Na sote tunakumbuka dawa za UKIMWI: mwaka 2000 matibabu ya mtu mmoja yaligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka, mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ilijitolea kuyauza kwa dola 350. Bei haikushuka yenyewe. Ilishuka kwa sababu wagonjwa walisema, madaktari walisema, viongozi wa dini walisema, na wengine wakathubutu kutengeneza.

Tunachoweza kudai, basi, ni haya: bei ipangwe kwa kadiri ya uwezo wa kila nchi, gharama halisi za utengenezaji ziwekwe wazi, na serikali zetu zishirikiane kujenga uwezo wa kutengeneza dawa za protini hapa Afrika, badala ya kila nchi kuhangaika peke yake.

6. YALIYO MIKONONI MWETU

Ndugu zangu, ningefanya kosa kama ningewaacha mkiitazama Italia na Marekani tu. Macho mengi yanayopotea kwa ugonjwa huu yangeweza kuokolewa bila tone hilo la dola 200. Naomba viongozi wa Jumuiya mzingatie mambo matano.

(a) Mkanda wa jeshi usoni ni jambo la haraka. Dawa ya kupambana na virusi hufaa zaidi ikianza ndani ya saa 72 tangu vipele vitokeze. Vipele vikionekana kwenye paji la uso au kope, na hasa kwenye ncha ya pua, jicho liko hatarini. Mgonjwa asipakwe majani wala majivu. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na pia ashauriwe kupima virusi vya UKIMWI, bila kumnyanyapaa.

(b) Matone ya ganzi si dawa ya nyumbani. Nilimpokea kijana fundi wa kuchomelea vyuma, aliyechomwa macho na mwanga wa kazi yake kwa sababu hakuvaa miwani ya kukinga. Katika duka moja la dawa aliuziwa matone ya ganzi. Kila alipodondoshea maumivu yalikoma, naye akaendelea kwa wiki mbili. Ganzi hiyo ikitumiwa mfululizo huua hisia na kuzuia jeraha kufunga. Alikuja na kidonda katika macho yote mawili. Dawa hiyo ni ya daktari kupima jicho, si ya kubeba mfukoni.

(c) Wagonjwa wa ukoma na wa kisukari wapimwe macho hata kama hawalalamiki. Jaribio lile la pamba linahitaji pamba safi, mkono mtulivu wa mhudumu aliyefundishwa, na dakika mbili. Zahanati isiyokuwa na chochote inaweza kulifanya. Tuulize kama linafanywa.

(d) Mkwaruzo wa jicho usisubiri. Katika wilaya ya Bhaktapur nchini Nepal watu wa kujitolea wa vijijini walifundishwa kuwapa waliokwaruzwa konea mafuta ya kloramfenikoli kwa siku 3. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba takribani wote walipona bila kupata kidonda, hasa waliotibiwa mapema. Hao walikuwa watu wa kawaida kama ninyi, wakisimamiwa na wataalamu.

(e) Tuziulize hospitali zetu za rufaa juu ya matone ya seramu. Damu ya mgonjwa mwenyewe huchukuliwa, huachwa igande, yale maji yake ya juu hutengwa na kuchanganywa na maji ya chumvi yaliyo safi kabisa. Ndani ya seramu hiyo mna vitamini A na protini za kukuza chembe, ikiwamo kidogo ya ile ile aliyoigundua Mama Levi-Montalcini. Kazi hii haifanywi nyumbani. Hutaka maabara safi na friza, la sivyo huleta maambukizo. Lakini haitaki dola 80,000. Kile ambacho bei imekiweka mbali, Mwenyezi Mungu amekwisha kuweka sehemu yake katika damu ya kila maskini.

HITIMISHO

Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba sisi ni mwili mmoja wenye viungo vingi, na kwamba kiungo kimoja kikiumia vyote huumia pamoja nacho. Mimi kama muuguzi wa macho huyasikia maneno hayo kwa namna ya pekee. Kiungo kilichopoteza hisia hakijui kwamba kinakufa. Jumuiya isiyosikia tena uchungu wa mgonjwa wake imefanana na jicho la yule mama: linang'aa siku ya kwanza, linafifia siku ya pili, na wote wanasema hakuna tatizo kwa sababu hakuna aliyelia.

Kazi ya Kamati ya Haki na Amani ni kuwa mshipa wa fahamu wa parokia. Ni kusikia mapema, kutoa habari mapema, na pia kulisha. Yule mama amekwisha kuzoea jicho moja. Analima, anasali, anawapikia wajukuu. Mara ya mwisho tulipoonana aliniuliza kama kuna dawa. Nilimwambia ipo. Akaniuliza, "Iko wapi?" Swali hilo nawaachia ninyi.



MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

1. Je, katika Jumuiya yetu yuko mtu aliyeugua mkanda wa jeshi usoni, au mgonjwa wa ukoma au wa kisukari? Ni nani amemwuliza habari za macho yake?

2. Matone ya macho yanauzwa wapi katika eneo letu, na ni nani anayewaeleza wanunuzi hatari zake?

3. Mtengenezaji wa dawa anastahili faida ya kiasi gani? Ni wakati gani faida halali hugeuka kuwa dhuluma?

4. Taja jambo moja ambalo Kamati yetu inaweza kumwuliza mganga mkuu wa wilaya au mbunge wetu kuhusu huduma ya macho. Ni nani atakayekwenda, na lini?